Mkristo, Silaha ya Moto na Haki ya Kujilinda

1. Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaporudi kutoka katika mazoezi ya usharikani huja na maswali mengi, na baadhi yake hayapatikani katika vitabu vya maadili tunavyovitumia darasani. Mzee wa kanisa ameuliza kama ni halali usharika kununua bunduki kwa ajili ya mlinzi wa usiku, kwa kuwa fedha za mavuno zimekwisha kuibwa mara mbili. Mjane ameuliza afanye nini na gobore la marehemu mumewe, ambalo limefichwa darini tangu siku ya maziko. Mfugaji aliyempiga risasi mtu aliyevamia zizi lake usiku, naye akafa, ameuliza kama anaweza kuikaribia Meza ya Bwana. Mahakama imemwachilia huru, lakini yeye mwenyewe hajajiachilia.

Maswali haya matatu yana mzizi mmoja. Yanahusu haki ya mtu kuilinda nafsi yake na ya jirani yake, na chombo cha kutisha ambacho wengine wamepewa ruhusa ya kukishika kwa ajili hiyo. Mchungaji asiyejua sheria ya nchi inasema nini anaweza kumpotosha mshirika wake mpaka gerezani. Na mchungaji asiyejua lolote zaidi ya sheria ya nchi anaweza kumwacha mshirika huyo peke yake na damu iliyo mikononi mwake.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha jambo moja. Haki ya kujilinda, katika sheria ya Tanzania na katika Maandiko Matakatifu vilevile, ni haki ya kuzuia uovu, wala si haki ya kuuadhibu. Huanza pale hatari inapoanza, na hukoma pale hatari inapokoma. Mengine yote tutakayoyasema, yaani kuhusu utunzaji wa silaha, kuhusu kundi la watu wanaompiga mwizi, na kuhusu uchungaji wa aliyeua, yanatokana na jambo hilo.

2. Sheria ya nchi inasema nini

Sheria inayohusika hasa ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania. Zamani kanuni hiyo iliwaelekeza mahakimu na majaji kwenye kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kila ilipotokea hoja ya kujilinda. Jirani zetu wa Kenya wanaendelea na utaratibu huo katika kifungu cha 17 cha Kanuni yao ya Adhabu. Sisi, mwaka 1980, Bunge letu liliingiza vifungu vya 18, 18A, 18B na 18C, vinavyoeleza jambo hili kwa maneno yetu wenyewe. Yafaa mchungaji aelewe mambo manne yaliyomo humo.

Kwanza, haki yenyewe ipo, na ni pana. Kila mtu anayo haki ya kujilinda mwenyewe na kumlinda mtu mwingine dhidi ya shambulio lisilo halali la mwili. Pia anayo haki ya kulinda mali yake, mali iliyo chini ya uangalizi wake, na hata mali ya mwingine, ikiwa ni pamoja na mali ya umma, ya ushirika au ya kijiji. Kwa hiyo mlinzi wa kanisa hasimami nje ya sheria anapolinda sanduku la sadaka.

Pili, haki hiyo ina kipimo. Anayejilinda anaruhusiwa kutumia nguvu za kiasi zinazohitajika kwa ulinzi huo tu. Akizidisha, atawajibika kwa kosa lililotokana na kuzidisha huko. Na iwapo nguvu zilizozidi kiasi zimesababisha kifo, sheria inasema wazi kwamba ametenda kosa la kuua bila kukusudia. Wapo watu wengi wanaodhani kwamba neno "nilikuwa najilinda" hufuta kila kitu. Sivyo. Neno hilo hufungua mlango wa kupimwa, halifungi kesi.

Tatu, yapo mazingira ambamo haki hiyo inafika hata kwenye kusababisha kifo au madhara makubwa. Sheria inayataja: shambulio linalotia hofu ya haki kwamba mtu atauawa au kujeruhiwa vibaya, nia ya kubaka, nia ya kuteka nyara, pamoja na uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto. Lakini hata hapo sheria inadai kwamba aliyetenda awe ametenda kwa nia njema, na awe ameamini kwa unyofu kwamba tendo lake lilikuwa la lazima, na imani hiyo iwe imejengwa juu ya sababu za maana. Hofu peke yake haitoshi. Wala chuki iliyovaa nguo za hofu haitoshi.

Nne, mahakama haimdai mtu aliyeshambuliwa apime nguvu zake kama apimaye dhahabu kwenye mizani. Katika shauri mashuhuri la Palmer, lililotoka Jamaica na kuamuliwa London mwaka 1971, majaji walikubali kwamba mtu aliye katika hatari ya ghafula hawezi kukokotoa kwa usahihi kiasi cha nguvu kinachofaa, na kwamba ikiwa alitenda kile alichokiona kwa unyofu kuwa ni cha lazima katika dakika ile, huo ni ushahidi mzito upande wake. Tena, si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa akijilinda. Hoja hiyo ikishajitokeza katika ushahidi, ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuivunja.

Hata hivyo ukarimu huo wa sheria ni wa dakika ya hatari tu. Mwizi akiisha kutupa panga lake na kukimbia, dakika hiyo imepita. Akiisha kuangushwa chini na kufungwa kamba, imepita kabisa. Risasi inayopigwa mgongoni mwa anayetoroka na kiberiti kinachowashwa juu ya aliyefungwa si kujilinda tena. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mhalifu katika mazingira yaliyotajwa humo, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hapo ndipo mamlaka ya raia yanapoishia. Magazeti yetu yana msemo wa kusikitisha, "wananchi wenye hasira kali", ambao hutumika kana kwamba hasira ni cheo kinachowapa watu ruhusa ya kuua. Sheria haikijui cheo hicho. Kila aliyerusha jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji, awe mshirika wa kanisa au asiwe.

Tuongeze neno moja ambalo washirika wetu hawalijui mpaka liwapate. Kosa la kuua kwa kukusudia halina dhamana katika nchi yetu. Mtu akishtakiwa kwa kosa hilo hukaa mahabusu mpaka shauri lake liamuliwe, hata kama mwishoni mahakama itaona kwamba alijilinda kwa haki. Familia yake hubaki bila baba au mama kwa muda huo wote. Anayefundisha kwamba kupiga risasi ni jambo jepesi kwa kuwa "sheria inaruhusu" hajawahi kumtembelea mahabusu.

3. Ushuhuda wa Maandiko

Andiko linaloligusa suala hili moja kwa moja kuliko yote ni Kutoka 22:2-3. Twaambiwa humo kwamba mwizi akikutwa anavunja na akapigwa hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu; lakini jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ya damu ipo, na mwizi atapaswa kulipa alichoiba.

Neno la Kiebrania linalotumika hapo kwa kuvunja, mahteret, maana yake hasa ni kutoboa au kuchimba. Mwizi anatoboa ukuta wa udongo. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo haihitaji fafanuzi ndefu: anajua sauti ile ya usiku, na anajua kwamba aliye ndani haoni aliye nje ni mmoja au ni kumi, wala kama ana panga au mikono mitupu. Ndiyo maana Torati inamwelewa mwenye nyumba. Haimsifu, wala haimwamuru kuua. Inasema tu kwamba damu hiyo haitadaiwa mkononi mwake.

Kisha linatajwa jua. Wafafanuzi wameieleza tofauti hiyo ya usiku na mchana kwa namna mbalimbali, lakini maana iliyo wazi ni kwamba katika nuru mambo yanaonekana. Mwizi anaweza kutambuliwa, majirani wanaweza kuitwa, na njia nyingine zipo. Wizi unabaki kuwa wizi, na malipo yake yanatajwa papo hapo: ni kurudisha, wala si kufa. Maisha ya mwizi yanalindwa na sheria ileile inayolinda ng'ombe wa mwenye mali. Tukiisoma aya hii kwa makini, tunakuta ndani yake kipimo kilekile kilichomo katika sheria yetu ya mwaka 1980. Hatari inapotoweka, haki ya kupiga nayo inatoweka.

Amri ya Tano nayo inahitaji kuangaliwa upya. Neno la Kiebrania lililotumika katika amri hiyo ni ratsach. Si neno la kawaida la kuua vitani au kuchinja mnyama. Baadhi ya wahubiri wamekimbilia hapo na kusema kwamba amri inakataza "mauaji" tu, na basi kila kuua kwingine ni ruksa. Lakini wanaisahau Hesabu 35, ambako neno hilohilo linatumika pia kwa yule aliyeua bila kukusudia na kukimbilia mji wa makimbilio. Kwa hiyo amri haihusu chuki peke yake. Inagusa pia uzembe. Kumbukumbu la Torati 19:5 inatoa mfano wa shoka ambalo chuma chake kinachomoka katika mpini na kumwua jirani msituni. Hakuna aliyechukia, lakini mtu amekufa, na jumuiya yote inapaswa kulishughulikia jambo hilo. Tutaona mbele kwamba mfano huu unamhusu sana mwenye bunduki.

Katika Agano Jipya, Luka 22:36-38 hutajwa mara nyingi na wale wanaotetea silaha, kwa kuwa Bwana Yesu anawaambia wanafunzi kwamba asiye na upanga anunue. Wanafunzi wanaonyesha panga mbili, naye anasema kwamba zatosha. Panga mbili kwa watu kumi na mmoja si jeshi. Na saa chache baadaye mmoja wa panga hizo ulipotumika, Yesu aliukomesha ugomvi na kuliponya sikio la yule aliyejeruhiwa (Luka 22:49-51). Yohana anatupa majina, Petro na Malko (Yohana 18:10). Aya hii haitoshi kujengea fundisho la silaha. Inatuonyesha tu jinsi upanga unavyotoka haraka alani mikononi mwa mwanafunzi mwenye upendo mwingi na subira kidogo.

Na je, neno la kugeuza shavu la pili (Mathayo 5:39)? Yesu anataja shavu la kuume. Mtu anayetumia mkono wa kulia humpiga mwenzake shavu la kuume kwa kofi la nyuma ya mkono, nalo ni pigo la kumvunjia mtu heshima. Wapo kwa sababu hiyo wafafanuzi wanaosema kwamba Bwana anakataza kulipiza matusi, wala hazungumzii mama anayemkinga mtoto wake na panga. Tunakubaliana nao kwa sehemu, ila tunatahadharisha: wengi wa wanaouana katika vilabu vya pombe na katika mipaka ya mashamba hawagombei uhai wao. Wanagombea heshima yao. Hao ndio hasa neno hili linaowahusu.

4. Urithi wetu wa Kilutheri

Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya kidunia mwaka 1523, na juu ya askari mwaka 1526. Katika maandiko hayo anafundisha jambo ambalo huwashangaza wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Mkristo kwa ajili ya nafsi yake yu tayari kuvumilia uovu. Lakini kwa ajili ya jirani yake hana ruhusa ya kuuvumilia. Hivyo upanga, kwa Luther, ni huduma ya upendo kwa mwingine, na mahali pake pa kawaida ni katika ofisi ya mamlaka, kama Warumi 13:4 inavyosema. Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, katika kifungu cha 16, yanathibitisha kwamba Wakristo wanaweza bila dhambi kushika nyadhifa za kiraia, kuhukumu kwa sheria zilizopo na kutumikia jeshini.

Tofauti hii ya mtu na wadhifa wake inatusaidia sana. Baba anapolinda familia yake anatimiza wadhifa aliopewa na Mungu. Mlinzi aliyeajiriwa anatimiza wake. Lakini kundi la watu lililokusanyika barabarani kumchoma kijana aliyeiba simu halina wadhifa wowote. Hakuna aliyeliita, wala hakuna atakayelijibia. Kisasi limelinyang'anya Mungu (Warumi 12:19), na hukumu limeinyang'anya mamlaka.

Katika Katekisimu Ndogo, maelezo ya Amri ya Tano hayaishii kwenye kutomdhuru jirani mwilini. Yanaendelea mpaka kumsaidia katika mahitaji yake yote ya mwili. Kila mtoto wa kipaimara huyajua maelezo hayo kwa moyo. Swali la kumwuliza ni hili: Je, mwizi aliyeangushwa chini na anayevuja damu ni jirani au si jirani? Aliyeshika katekisimu kwa kichwa tu atanyamaza. Aliyeielewa atasema kwamba dakika ile ile mwizi alipoacha kuwa hatari amekuwa majeruhi, na majeruhi ana haki zake kwetu.

Hapa pia ndipo sheria ya nchi na dhamiri ya Mkristo zinapoachana kidogo. Sheria inaweza kumwachilia aliyeua katika kulinda mali, kama mazingira yalikuwa yale iliyoyataja. Dhamiri iliyofundishwa na Injili itauliza zaidi. Ng'ombe hununuliwa, redio hununuliwa, na fedha za mavuno zaweza kuchangwa tena mwaka ujao. Mtu hanunuliwi tena. Hatusemi kwamba kila anayelinda mali yake kwa nguvu anatenda dhambi. Tunasema kwamba, pale palipo na nafasi ya kuchagua, Mkristo ataiacha mali iende kabla ya kuutoa uhai wa mtu.

5. Silaha kama dhamana

Tanzania ilibadili sheria yake ya silaha mwaka 2015, ilipotungwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi badala ya ile ya mwaka 1991. Msingi wake ni rahisi kuueleza: raia hana haki ya kuzaliwa nayo ya kumiliki bunduki. Anaomba, anachunguzwa, anatakiwa kuwa na ujuzi wa kuitumia, na akikubaliwa anapewa leseni ya silaha ile, kwa jina lake yeye. Hawezi kumwazima shemeji yake aende kuwinda. Wala silaha haipiti kwa urithi kama shamba au kitanda. Katika kanda yetu, Itifaki ya Nairobi iliyotiwa sahihi mwaka 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika inazitaka serikali kuzuia kabisa raia kuwa na bunduki za rashasha, na kuziwekea silaha zilizohalalishwa alama na kumbukumbu.

Sababu ya ukali huo tunaijua. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Wengi wao walikuja mikono mitupu, lakini vita vya nchi jirani viliacha pia silaha njiani, nazo hazikuhitaji kupatiwa hifadhi ili ziendelee kuishi. Bunduki haizeeki upesi kama binadamu. Ile iliyonunuliwa kwa ajili ya nguruwe wanaoharibu mahindi yaweza, baada ya miaka 30, kuwa mikononi mwa mtu anayesimamisha mabasi.

Torati haikujua baruti, lakini ilijua wajibu wa mwenye kitu cha hatari. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Kutoka 21:29 inamhukumu mwenye ng'ombe aliyejua kwamba ng'ombe wake hupiga pembe, akaonywa, asimfunge. Mwenye bunduki ni mwenye ng'ombe huyo. Hawezi kusema kwamba hakujua kuwa inaua.

Kwa hiyo ukingo wa dari katika nyumba yenye silaha unajengwa hivi. Bunduki ikae bila risasi, ndani ya kabati au sanduku la chuma lililofungwa, na risasi zikae mahali pengine palipofungwa. Ufunguo usijulikane na watoto, wala usiachwe kwa mtumishi wa nyumbani. Mtu akiishika, aione kila mara kuwa ina risasi, hata kama ameitoa mwenyewe dakika moja iliyopita. Mdomo wake usielekezwe kwa mtu, na kidole kisiingie kwenye kifyatulio mpaka kuwepo sababu. Anayekunywa pombe asiiguse. Nyumba ambayo ndani yake yuko mtu aliyekata tamaa ya maisha, au ambamo mume humpiga mke, haifai kuwa na silaha hata siku moja, iwe na leseni au isiwe nayo. Katika nyumba ya namna hiyo bunduki haimwelekei mwizi wa nje. Inawaelekea waliomo.

6. Kazi ya mchungaji

Turudi sasa kwenye maswali yetu matatu.

Kwa mzee wa kanisa anayetaka usharika ununue bunduki, jibu letu ni kwamba aanze upande wa pili. Fedha zinazolala ofisini ndizo zinazomwita mwizi. Zipelekwe benki siku ileile zilipohesabiwa, au zipokewe kwa simu pale inapowezekana. Mavuno yauzwe mapema. Taa na mlango wa chuma viwekwe. Ikibidi kuwa na mlinzi mwenye silaha, basi aajiriwe kupitia kampuni ya ulinzi yenye kibali, ambayo walinzi wake wamefundishwa na silaha zake zina kumbukumbu. Kumpa mzee wa miaka 70 bunduki asiyoijua, alinde sanduku la sadaka kwa mshahara mdogo, ni kumweka yeye mwenyewe katika hatari, kwa kuwa wezi huja sasa kuitafuta bunduki yenyewe.

Kwa mjane mwenye gobore darini, jibu ni kwamba leseni, kama ilikuwapo, ilikuwa ya mumewe. Kukaa na silaha hiyo kimya kunamfanya awe mmiliki asiye halali. Mchungaji asiichukue na kuificha nyumbani kwake kwa nia njema. Atakuwa amelihamisha kosa tu. Asiibebe pia barabarani. Amsindikize mjane, au amtume mzee wa kanisa amsindikize, mpaka kituo cha polisi kutoa taarifa, nao polisi wenyewe waifuate. Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Tanzania nayo imepata kutangaza msamaha wa namna hiyo. Tangazo la jambo hilo lina mahali pake miongoni mwa matangazo ya Jumapili.

Swali la mfugaji ni gumu kuliko yote, kwa sababu haliulizi tena juu ya sheria. Sheria imekwisha kusema. Hapa wachungaji hukosea kwa njia mbili. Wengine humwambia upesi, "Hukutenda dhambi, usiwaze," na hivyo kumfungia mlango wa kusema yanayomsumbua usiku. Wengine humtenga kama muuaji, na hivyo kuhukumu mara ya pili kile ambacho mahakama imekwisha kukipima.

Maandiko yana njia nyingine. Daudi hakuruhusiwa kuijenga nyumba ya Bwana kwa kuwa alikuwa amemwaga damu nyingi (1 Mambo ya Nyakati 22:8), ingawa vita vyake vingi vilikuwa vya kulinda taifa. Hakutupwa, lakini uzito wa damu ulitambuliwa. Na aliyeua bila kukusudia alipewa mji, si kamba ya kunyongea wala kupigiwa makofi. Alipewa mahali pa kukaa, pamoja na Walawi, kwa muda, mpaka kifo cha kuhani mkuu kilipomwachilia arudi kwake (Hesabu 35:25-28). Sisi tunaokiri kwamba Kuhani wetu Mkuu amekwisha kufa, twajua kwamba njia ya kurudi nyumbani imefunguliwa.

Basi mfugaji huyo apewe mji wa makimbilio usharikani. Asikilizwe zaidi ya mara moja. Asilazimishwe kuungama kosa ambalo hakulitenda, lakini apewe nafasi ya kuyaungama yale anayoyajua yeye na Mungu tu: labda hasira iliyotangulia hofu, labda risasi ya pili. Maondoleo ya dhambi yatamkwe juu yake kwa jina lake. Kisha na aje mezani. Na mchungaji asiisahau nyumba ya pili, ile ya marehemu. Mwizi alikuwa na mama. Mara nyingi hakuna mtumishi wa Mungu anayevuka kizingiti cha nyumba hiyo, kwa aibu au kwa hofu ya watu. Mazishi ya mwizi ni mahali ambapo usharika unaonekana kama unaiamini Amri ya Tano au hauiamini.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya nchi inampa mtu haki ya kujilinda na papo hapo inamwekea kipimo; kwamba Torati inafanya vivyo hivyo kwa mfano wa usiku na jua; na kwamba urithi wetu wa Kilutheri unauweka upanga chini ya upendo na wadhifa. Anayemiliki silaha kwa halali amekabidhiwa dhamana ambayo ataulizwa habari zake na serikali, na zaidi na Mungu.

Twapendekeza mambo mawili kwa ndugu zetu walioko sharikani. Kwanza, somo la Amri ya Tano katika mafundisho ya kipaimara liguse wazi suala la kumpiga mwizi na kumchoma moto, kwa kuwa vijana wanaokuwa katika makundi hayo barabarani ni haohao tunaowawekea mikono. Pili, kila jimbo limwalike mara kwa mara wakili au afisa wa polisi kuzungumza na watumishi juu ya sheria hizi, na lijue ni wapi mshirika asiye na fedha anaweza kupata msaada wa kisheria, ambao umewekewa utaratibu na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wahenga walisema hasira hasara, nao walisema majuto ni mjukuu. Anayefundishwa kabla ya usiku ule, kabla ya sauti ile ukutani, huenda akajua wakati wa kuinua mkono na wakati wa kuushusha. Kumfundisha ni kazi yetu, na tuifanye kungali mchana.